Gari la pekee lililobeba sifa za gari lingine: fumbo la Bentley ya Treni ya Buluu

Kwa miaka mingi wapenzi wa magari ya zamani walionyeshana gari moja la Kiingereza na kuambiana kwamba ndilo lililoishinda Treni ya Buluu mwaka 1930, kutoka Cannes, kusini mwa Ufaransa, hadi London. Ni gari la pekee, halina pacha. Lilichorwa na mchoraji mkubwa, likaandikwa kwenye majarida, likatengenezewa vigari vidogo vya kupamba kabati. Kasoro ilikuwa moja tu: usiku wa mashindano hayo, gari hilo lilikuwa bado halijafika mikononi mwa mwenyewe.

Jinsi kosa hilo lilivyozaliwa, na jinsi lilivyogunduliwa, ni somo kwa yeyote aliyewahi kuinama chini ya gari na kurunzi mkononi akitafuta namba ya shasi.

Dau la pauni 100

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1930, mjini Cannes, mahali ambapo matajiri wa Uingereza walikuwa wakikimbilia jua wakati wa baridi. Watu walikuwa mezani wakizungumza habari za kampuni ya Rover. Mwezi wa kwanza mwaka ule, gari lake aina ya Light Six lilikuwa limeitangulia Treni ya Buluu, na kampuni ilijisifu sana. Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni ya Bentley, hakuona ajabu yoyote. Alisema kuitangulia treni ile si kazi. Yeye angeweza kuondoka Cannes saa ileile treni inapoondoka, na akafika kwenye klabu yake mjini London kabla treni haijafika Calais. Wakaweka dau la pauni 100.

Treni yenyewe haikuwa ya watu wadogo. Ilikuwa ya Kampuni ya Kimataifa ya Wagons-Lits, iliyoanzishwa na Mbelgiji Georges Nagelmackers, na mabehewa yake ya kulala yalipakwa rangi ya buluu yenye urembo wa dhahabu. Ndiyo asili ya jina. Iliunganisha miji ya pwani ya Mediterania na bandari ya Calais, kaskazini kabisa, ambapo abiria walipanda meli kuvuka kwenda Uingereza.

Alhamisi tarehe 13, saa kumi na moja na dakika 54 jioni, treni iliondoka Cannes. Barnato naye akaondoka. Pembeni yake alikaa rafiki yake Dale Bourn, mchezaji wa gofu, kama dereva wa akiba.

Barabara za Ufaransa za wakati ule hazikuwa barabara kuu za leo. Zilipita katikati ya kila mji na kila kijiji. Kuanzia Lyon walikutana na mvua kubwa. Karibu na Auxerre, kabla ya mapambazuko, walipoteza muda wakizunguka gizani kutafuta mahali walipopanga kujaza esansi. Halafu ukaja ukungu. Baada ya Paris tairi moja likapasuka, wakafunga la akiba, na akiba ilikuwa hiyo moja tu. Kutoka hapo hadi baharini walikimbia wakijua kwamba tairi lingine likipasuka, dau limekwisha.

Walifika bandari ya Boulogne saa nne na nusu asubuhi, wakapanda meli na gari lao, wakavuka. Saa tisa na dakika 20 alasiri Barnato alisimamisha gari mbele ya klabu yake katika mtaa wa St James's, London. Dakika nne baadaye, Treni ya Buluu iliingia Calais.

Wafaransa hawakufurahi. Kufanya mashindano bila ruhusa kwenye barabara za watu wote kulikuwa kumekatazwa. Kampuni ya Bentley ilitozwa faini ya pauni 160 hivi, tena ikazuiwa kushiriki maonyesho ya magari ya Paris ya mwaka ule. Ukipiga hesabu, dau lilileta hasara. Lakini jina la gari lilikuwa limepata sifa ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua, na hapo ndipo matata yanapoanza: sifa hiyo ni ya gari lipi?

Pesa iliyotoka Kimberley

Kabla ya kulijibu swali hilo, tumtazame mwenye magari, kwa sababu jina Barnato si geni katika bara letu. Baba yake alizaliwa Barnet Isaacs katika mtaa wa maskini mashariki mwa London. Mwaka 1873 alifika Kimberley, Afrika Kusini, wakati wa msukosuko wa almasi, akajiita Barney Barnato, akanunua mashimo ya wachimbaji wengine hadi akawa mpinzani mkubwa wa Cecil Rhodes. Mwaka 1888 wawili hao waliunganisha mali zao katika kampuni ya De Beers. Mwaka 1897, akiwa melini kurudi Uingereza, Barney alianguka baharini karibu na kisiwa cha Madeira na kufa. Woolf, mtoto wake, alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Urithi huo ndio ulionunua Bentley. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na W.O. Bentley mwaka 1919, ilikuwa na mafundi hodari na kasha tupu. Mwaka 1926 Barnato aliweka pesa zake na kuishika kampuni mkononi. Msomaji wa Mbuji-Mayi hahitaji kuelezwa jinsi almasi inavyosafiri mbali kuliko mtu aliyeichimba.

Lakini Barnato hakuwa tajiri wa kukaa kiti cha nyuma. Aliingia mashindano ya saa 24 ya Le Mans mara tatu, mwaka 1928, 1929 na 1930, na mara zote tatu alishinda. W.O. Bentley mwenyewe alimhesabu kuwa dereva bora kuliko wote aliokuwa nao.

Shasi huku, bodi kule

Leo mtu akinunua gari, ananunua kitu kizima. Wakati ule haikuwa hivyo kwa magari ya bei kubwa. Karakana ya Bentley huko Cricklewood, London, ilitengeneza shasi tu: fremu ya chuma, injini, sanduku la gia, ekseli, usukani, rejeta. Mnunuzi alikabidhiwa kitu kinachoweza kutembea lakini hakina mlango wala paa. Kisha alikipeleka kwa mafundi wa bodi aliowapenda, akaketi nao, akachagua mistari, viti, madirisha.

Kwa hiyo magari mawili yaliyotoka siku moja katika karakana moja, ndugu wa tumbo moja kwa injini na chuma, yangeweza kuonekana kama hayajuani kabisa. Ukipenda, shasi ndiyo mtu na bodi ndiyo nguo. Na nguo hubadilishwa. Magari mengi ya Bentley ya miaka ile yalivuliwa bodi zao nzito baadaye, yakavishwa bodi wazi ili yafanane na yale ya Le Mans. Mtu anayetafuta gari fulani kwa kuangalia umbo lake tu anaweza kupita mbele yake bila kulitambua, au kulisalimia gari la mtu mwingine.

Gari la Barnato lilikuwa aina ya Speed Six, yenye injini ya silinda 6 na lita 6 na nusu. Zilitengenezwa 182 kati ya mwaka 1928 na 1930. Zilikuwa kubwa na nzito. Ettore Bugatti anasimuliwa kuwa alizifananisha na malori, ila malori yenye mbio kuliko yote duniani. Barnato, akiwa mwenyekiti, hakuwa na Speed Six moja. Alikuwa na kadhaa, na mbili kati yake ndizo zinazotuhusu hapa.

Ya kwanza, shasi namba BA2592, ilivishwa bodi na H.J. Mulliner: gari la milango minne, lililosimama wima, la heshima, gari la kumpeleka mkubwa wa benki kazini. Halina kitu cha kumfanya mpita njia ageuke.

Ya pili, shasi namba HM2855, ilivishwa bodi na J. Gurney Nutting wa Chelsea, na hii ni hadithi nyingine. Boneti ndefu mno. Paa lililoshuka chini, kama kofia iliyovutwa machoni. Madirisha membamba, karibu nyufa. Mgongo wote umeteremka kwa mstari mmoja hadi nyuma. Ndani mna nafasi ya watu watatu tu: wawili mbele, na wa tatu nyuma, ambaye hukaa upande upande kwa sababu paa limemnyima nafasi ya kukaa kama watu. Ni bodi isiyofaa familia, isiyofaa mizigo, na wengi wanaihesabu kati ya bodi nzuri kuliko zote zilizowahi kuwekwa juu ya shasi ya Bentley. Ilitengenezwa moja, basi.

Kosa lilivyoota mizizi

Barnato aliliita gari hilo la pili kwa jina la Treni ya Buluu, kukumbuka ushindi wake. Hilo lilikuwa haki yake. Mtu huweza kumpa mtoto jina la vita alivyopigana kabla mtoto hajazaliwa. Lakini jina likishabandikwa, watu hawaulizi tena lilitoka wapi. "Bentley ya Treni ya Buluu" likawa jina la gari, na kutoka hapo ilikuwa hatua moja tu kuamini kwamba gari lenye jina ndilo lenye kitendo.

Pia Barnato alikuwa mmiliki wa yote mawili, yote Speed Six. Anayesoma kwamba "Barnato aliishinda treni kwa Speed Six yake" na kisha akaonyeshwa Speed Six ya Barnato yenye jina la treni, ana sababu gani ya kushuku?

Msumari wa mwisho ulipigwa na mchoraji Terence Cuneo. Huyu hakuwa mtu wa mtaani: ndiye aliyechora sherehe ya kutawazwa Malkia Elizabeth, na alisifika sana kwa picha za treni. Alipochora mashindano ya Barnato, alikimbiza kando ya treni lile gari la Gurney Nutting, lenye paa la chini na mgongo mmoja. Picha ikachapishwa tena na tena. Tangu hapo, aliyetaka kuliona tukio la mwaka 1930 aliliona kwa macho ya Cuneo.

Na tuseme ukweli: wewe ungekuwa mchoraji, ungechagua lipi? Lile la milango minne la kwenda benki?

Tarehe zilipowekwa mezani

Kilicholiangusha kosa hilo hakikuwa maabara wala mashine ya kisasa. Ilikuwa kalenda. Wanahistoria wa magari ya Bentley walipofuatilia karatasi, walikuta kwamba Barnato alikabidhiwa gari la Gurney Nutting tarehe 21 mwezi wa tano mwaka 1930. Mashindano yalikwisha tarehe 14 mwezi wa tatu. Kati ya siku hizo mbili kuna zaidi ya miezi miwili. Hata gari liwe na mbio namna gani, haliwezi kushinda mashindano kabla halijakabidhiwa.

Plaki yenyewe ilikuwa ikitoa ushahidi kwa yeyote aliyejua kuisoma. Gari la Gurney Nutting lina plaki GJ 3811. Mjini London herufi za plaki zilitolewa kwa zamu, fungu moja likiisha linaanza jingine, hivyo herufi hizo humwambia mjuzi kwa ukaribu gari liliingia barabarani lini. Watu waliipiga picha plaki hiyo kwa miaka na miaka. Wachache waliiuliza umri wake.

Hapa Bentley wana bahati ambayo wamiliki wa magari mengine ya zamani wanaitamani. Kampuni ilikuwa ikitoa dhamana ya miaka mitano kwa kila shasi. Ili dhamana hiyo isiifilisi, karakana ilifungua karatasi kwa kila namba ya shasi na kuandika kilichofanyika: gari liliingia lini, nini kilivunjika, nini kilibadilishwa, nani mmiliki mpya. Kampuni ilianguka mwaka 1931 na kununuliwa na Rolls-Royce, lakini sehemu kubwa ya karatasi hizo ilinusurika. Mtu anayetaka kulijua gari leo anaweza kulisoma karibu kama daktari anavyosoma daftari la mgonjwa.

Kutoka kwenye karatasi anakwenda kwenye chuma. Namba ya shasi imegongwa kwenye fremu. Injini ina namba yake. Kama namba ya injini iliyo ndani ya gari ni ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwaka 1930, vizuri. Kama siyo, karatasi zinasema ilibadilishwa lini? Kisha zinakuja picha za zamani, na hapa jicho la mzoefu linafanya kazi ambayo hakuna hati inayoweza kuifanya: taa imefungwa umbali gani kutoka kwenye rejeta, boneti ina matundu mangapi ya hewa, bawaba ziko mbili au tatu. Bodi za wakati ule zilikuwa na mifupa ya mbao, na mbao hutunza alama za misumari iliyong'olewa. Anayetengeneza gari la uongo hukumbuka kugonga namba. Mara chache hukumbuka matundu ya misumari.

Yeyote aliyenunua gari lililotumika anajua nusu ya kazi hii. Unasoma carte rose, unasoma namba iliyo chini ya boneti, unatazama kama chuma kilichozunguka namba kina alama ya tupa au rangi mpya. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa kawaida anataka kujua kama gari limeibwa. Mnunuzi wa gari la mwaka 1930 anataka kujua kama gari limeishi maisha yanayosimuliwa juu yake.

Gari lenye historia lakini halina chuma

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo limekwisha: tafuta namba, linganisha tarehe, toa hukumu. Lakini kuna gari lingine la Barnato huyohuyo, Speed Six vilevile, ambalo lilipelekwa hadi Mahakama Kuu ya London, na kesi yake iligeuza swali zima juu chini.

Gari hilo linaitwa Old Number One, yaani Namba Moja wa Zamani. Barnato alishinda nalo Le Mans mwaka 1929 akiwa na Henry Birkin, na mwaka 1930 akiwa na Glen Kidston. Baada ya hapo liliendelea kutumika, na gari la mashindano halihifadhiwi kama sahani za arusi: kinachovunjika kinabadilishwa, kinachochelewesha kinatupwa. Mwaka 1932 liliwekewa injini kubwa zaidi, ya lita 8. Mwezi wa tisa mwaka huo, katika mashindano ya maili 500 kwenye uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee alipita juu ya ukingo wa kona ya mteremko. Alikufa. Gari lilijengwa upya, likavishwa bodi ya barabarani, likapita mkono hadi mkono kwa miaka.

Mwaka 1990 mmiliki wake, Hubbard, alikubaliana kuliuza kwa kampuni ya Middlebridge Scimitar kwa thamani ya pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa kulipa. Hoja yake ilieleweka na fundi yeyote: hili si Old Number One, kwa sababu lile lililoshinda Le Mans limekwisha kipande kwa kipande.

Jaji Otton alisikiliza wataalamu, kisha akafanya jambo ambalo majaji hufanya mara chache: alihesabu vyuma. Kutoka gari la mwaka 1929, hakuona kilichobaki ila labda vikorokoro ambavyo haviwezi kujulikana umri. Kutoka gari la mwaka 1930, alikubali vitu vitatu: mhimili wa pedali, ganda la sanduku la gia, na mhimili wa usukani. Fremu, springi, ekseli ya mbele na ile injini ya lita 8 vilikuwa vya mwaka 1932.

Baada ya hesabu hiyo, ungetegemea amwambie Hubbard arudi nyumbani na chuma chake. Aliamua kinyume. Alisema gari hilo halistahili kuitwa asilia kwa maana ya lilivyotoka karakanani, lakini pia si nakala wala gari lililofufuliwa kutoka mabaki. Tangu mwaka 1929 halikuwahi kukoma kuwepo. Kila kipande kipya kiliingia katika gari ambalo tayari lilikuwa Old Number One, na kwa mwendo wa polepole kiasi kwamba hakuna siku ambayo gari lilipoteza utu wake. Ndilo lenyewe. Mnunuzi aliamriwa kuutimiza mkataba.

Ukiyaweka magari haya mawili ya Barnato pamoja, unaona kitu cha ajabu. Lile la Gurney Nutting linajulikana kwa namba, kwa plaki na kwa umbo ambalo hakuna gari lingine linalo, lakini tendo linalosifiwa si lake. Old Number One lina matendo yote linayosifiwa, lakini chuma kilichoyafanya karibu chote hakipo. Mimi ningemsikiliza jaji. Mto wa Kongo haujawahi kuwa na maji yaleyale siku mbili, na hakuna mvuvi anayeuliza kama bado ni Kongo.

Si kila mtu anakubali. Wapo wakusanyaji wanaosema kwamba kwa njia hiyo mtu anaweza kumiliki jina tu, na kwamba vipande vilivyoondolewa kwenye gari maarufu vinaweza kukusanywa pembeni na kuzaa gari la pili lenye madai yaleyale. Hofu yao si ya bure. Katika biashara hii migogoro ya magari mawili yanayodai namba moja ya shasi inajulikana sana.

Na bei inaning'inia kwenye majibu. Mwaka 2007 nyumba ya mnada ya Christie's ilikuwa imetangaza kuuza mjini Paris gari la mashindano la Auto Union aina ya D, la Ujerumani ya kabla ya vita, moja kati ya machache yaliyonusurika. Lilitegemewa kukaribia dola milioni 12. Kabla ya mnada likaondolewa. Hakuna aliyesema si Auto Union ya kweli. Swali lilikuwa: ni shasi ipi kati ya zile chache, na kwa hiyo ni mashindano gani iliyoshiriki? Tofauti ya tarakimu ilitosha kuusimamisha mnada.

Thamani haikushuka

Kwa lile la Gurney Nutting, wengi walidhani ukweli ungeliua. Ungekuwa na gari linaloitwa kwa jina la mashindano ambayo halikushiriki, ungefanya nini? Lakini limebaki pale lilipokuwa, kati ya magari ya Bentley yanayotafutwa kuliko yote. Uzuri wake haukuwa wa kuazima. Jina lake pia halikuwa la wizi, kwa kuwa aliyelipa ni mtu yuleyule aliyekaa nyuma ya usukani usiku ule wa mvua. Kampuni ya Bentley yenyewe, karne nyingine, imeendelea kutoa matoleo maalumu yenye jina la Treni ya Buluu.

Aliyefaidika zaidi na kalenda ni lile gari la milango minne la Mulliner. Kwa miaka mingi lilikuwa Speed Six moja kati ya 182, lisilo na mchoraji wala mshairi. Tarehe zilipolinganishwa, likajikuta ndilo lililokimbia Auxerre gizani na kuvuka bahari bila tairi la akiba.

Wamarekani wawili, Bruce McCaw na mkewe Jolene, waliokuwa wanamiliki lile la Gurney Nutting, walilitafuta na hilo la Mulliner hadi wakalipata. Magari hayo mawili ya Barnato sasa yako katika nyumba moja tena, HM2855 na BA2592, lenye jina na lenye kitendo.